Diplome ya Masika Ndani ya Plastiki

Hapa Goma, mutaa wa Murara, ukiuliza Henri ni nani, watu watakuangalia tu. Uliza Papa Masika, yule wa chukudu, na hata mutoto wa makamasi atakushika mukono akulete mupaka kwenye parsele yetu, milango mitano na choo kimoja, na mimi Mama Olive nimekaa mbele na magunia yangu ya makala, makaa ya kupikia. Kwa ninyi wa mbali: chukudu ni mbao tupu yenye magurudumu mawili ya mbao. Mutu anapiga goti moja juu yake, anasukuma na muguu mwingine, na mizigo ya muji huu yote inapita pale. Henri anaisukuma tangu hajaota ndevu. Kabichi, viazi, simenti, makala, siku moja hata sanduku la maiti. Goti lake la kushoto limekuwa gumu kama kisigino, na kifua kinampigia filimbi akipanda kilima.

Sasa nitawaambia kitu alichofanyiwa mutu huyu, na ninasema tangu mwanzo: sitaongea kwa upole. Wenye kutaka upole waende misa.

Henri alikuwa na neno moja tu maishani, na neno lenyewe ni hili: Masika atasoma iniversite, chuo kikuu. Masika ni binti yake wa kwanza, kwa Wanande jina lenyewe linasema hivyo, na kwa watoto aliozaa ni yeye peke yake aliyebaki. Wakati ule walikuwa wanakaa Sake, Henri na muke wake Marie-Louise. Siku matokeo ya mutihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yalipotoka, Masika amepita vizuri sana, baba mutu akamwaga kopo zima la poda juu ya kichwa cha mutoto, akamukalisha juu ya chukudu, akamuzungusha Sake yote, watu nyuma wanaimba. Mupaka leo waliokuwa Sake wanasimulia. Akamutuma Butembo kwa dada yake Kahambu, na kule mutoto akafanya mwaka wa kwanza wa uuguzi, akapita tena. Aliingia na attestation tu, karatasi ya muda kwamba amepita mutihani wa Serikali, juu diplome yenyewe, kwetu, inachapwa Kinshasa na inakuja ikitaka. Inaweza kukukuta umeshaoa na umeshaachika.

Kisha vita. Sake ikakimbia, na Henri na muke wake wakaangukia Mugunga, kwenye kambi ya waliokimbia, ndani ya hema. Kipindupindu kikamubeba Marie-Louise, hata uji wa mwisho hakuumaliza. Masika akaja kumulilia mama yake, na nyuma yake barabara ya Butembo ikafungwa. Akabaki. Shangazi yake naye akahama Butembo, akapeleka biashara yake Kasindi, na mutoto hakuwa tena na mahali pa kurudi.

Ni ndani ya ile hema, siku zilezile Marie-Louise anaumwa na Masika bado yuko Butembo, ndipo Henri alipata habari kwamba diplome imefika. Alienda kuichukua mwenyewe, kwa miguu. Karatasi nzito, jina la binti yake, na muhuri wa kubonyezwa, ule unausikia kwa kidole. Sasa mvua ya Mugunga munaijua: inaingia na juu, inaingia na chini, inatembea kati ya magodoro. Henri akafanya kile ambacho kila mutu hapa angefanya. Akaenda kwa kijana wa fotokopi pale barabarani, akaipiga diplome plastiki, pande zote mbili, kwa mashine ya moto.

Musicheke. Kwetu karatasi ya maana inapigwa plastiki. Cheti cha ubatizo, plastiki. Cheti cha ndoa, plastiki. Picha ya marehemu, plastiki. Mimi niko na kadi ya chanjo ya Olive wangu, na Olive ana watoto sasa, kadi iko ndani ya plastiki na inang'aa kuliko meno yangu. Tumekimbia mara ngapi katika muji huu? Volkano, risasi, tena volkano, tena risasi. Mutu anajifunza. Kitu unachokipenda unakifunga vizuri, unakiweka kifuani, unakimbia. Makambi yalipovunjwa, Henri aliacha godoro, aliacha sufuria, lakini diplome ilikuwa imelala kwenye ngozi ya tumbo lake. Alipofika hapa kwetu akaitoa, ilikuwa safi kuliko sisi sote.

Mwaka huu Masika akasema, "Papa, nataka kuendelea." Papa, alimuita hivyo, kama kila binti wa hapa anavyomuita baba yake. Muzee ni jina la heshima, sikatai, lakini ni la kila mutu: mulinzi ni muzee, muuza mukate ni muzee, usiyemujua njiani ni muzee. Papa ni wako wewe.

Tukaenda kwenye iniversite moja hapa mujini, jina sitalitaja, mimi na yeye, maana mama hana. Ukutani wamebandika masharti. Wanaoanza mwaka wa kwanza huku, wanaohamia kutoka iniversite nyingine kule. Anayeanza, maisha yake ni rahisi: kama amemaliza shule juzi, attestation yake inatosha, diplome atakuja kuileta mbele ya safari. Anayehamia, ayi! Alete releve ya alama zake, orijinali. Alete karatasi kwamba kule alikotoka hakufukuzwa. Karatasi ya daktari kwamba si mugonjwa, karatasi ya komine, wale wa Serikali ya mutaa, kwamba si mubaya, karatasi ya kuzaliwa kwamba kweli alizaliwa, utafikiri aliyesimama pale mbele yao ni muzimu. Na diplome ya Serikali, orijinali. Chini kabisa, mustari mudogo: masomo yaliyopita miaka mitatu hayahesabiwi tena.

Masika akahesabu na vidole. Huu ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akikosa, mwaka wa Butembo umekufa, atakuwa kama hajawahi kukaa darasani, na baba yake hana tena kifua cha kumusukumia miaka mingine.

Releve ilikuwa Butembo, sisi tuko Goma, na kati yetu wanaume wenye bunduki. Kahambu ndiye aliyeileta. Mwanamuke wa biashara anajua njia: alirudi Butembo akaichukua, akavuka Uganda, akazunguka, akaingia na Bunagana. Pale mupakani wakafungua mizigo yake yote, vitenge vikatupwa chini, wakamuuliza anaficha nini. Releve alikuwa ameifunga mugongoni chini ya kitenge, pale mahali pa mutoto. Alipofika hapa, Henri alipiga magoti mbele ya dada yake, na goti lile gumu. Nikasema moyoni, bon, safari hii Mungu ametukumbuka. Kumbe!

Alhamisi tukaenda watatu, Henri, Masika na mimi. Mulango wa kujiandikisha ulikuwa unafungwa Jumamosi saa sita. Henri akaoga, akavaa koti la marehemu kaka yake, chukudu akaiacha kwangu. Aliyepokea dosie, faili la karatasi zote, anaitwa Landry, kijana wa kucha safi na simu mbili. Akapekua: releve, ndiyo. Daktari, ndiyo. Komine, ndiyo. Diplome, Henri hakukubali Masika aitoe. Aliitoa yeye mwenyewe ndani ya shati, ikiwa bado na joto la mwili wake, akaiweka mezani na mikono miwili.

Landry akaigonga na ukucha. Ko, ko, ko.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mimi," Henri akasema. Na alisema kwa furaha! Alidhani anasifiwa.

Landry akaiinua juu ili musururu wote uione. "Muzee, uliiua diplome. Hii si diplome tena, ni sahani. Unakula juu yake?" Watu wakacheka. Madaktari wa kesho, wanasheria wa kesho, wakacheka mupaka wengine wakashika ukuta. "Muhuri nitausikiaje? Nitajuaje kama ni ya kweli ao muliichapa kule kambini? Plastiki hatupokei. Mulete diplome bila plastiki. Anayefuata!"

Henri akabaki na mikono hewani, kama bado anatoa zawadi. Masika hakumuangalia baba yake. Aliangalia viatu vyake, mishipa ya shingo imesimama.

Mimi nikamwambia Landry, "Mwanangu, huyu ni mutu muzima, ana umri wa baba yako."

Akanijibu bila kuinua macho. "Baba yangu hawezi kufanya ujinga kama huu."

Mungu anisamehe, nilitamani kumuzaba kofi. Lakini na mimi nilikuwa ninaogopa asije akaitupa ile dosie, nikakusanya karatasi, tukatoka.

Masika alingoja tufike ndani ya parsele, mbele ya milango yote mitano, ndipo akafungua kinywa.

"Nani alikutuma? Nani alikuomba?"

"Mwanangu, mvua ilikuwa inanyesha ndani ya hema."

"Ingenyesha! Ingelowa, ningeianika! Sasa nitaanika nini? Mama anakufa, wewe unalinda karatasi, na karatasi yenyewe umeiharibu!"

Ee Yesu. Hata watoto waliokuwa wanagombania mupira waliuacha. Henri akakaa juu ya gunia langu la makala, na lile koti lake la heshima. Nilimukaripia Masika, nikamwambia mudomo kama huo utakuja kumula yeye mwenyewe. Lakini tuseme ukweli, musichana alikuwa na uchungu, na uchungu unamurukia aliye karibu. Landry alikuwa mbali, kwake, anakula.

Kesho yake, Ijumaa, hasira ilikuwa imemushuka kidogo. Musamaha hakuomba, ila alimuachia baba yake chai na kipande chote cha mukate. Akasema anaenda kumuona mwalimu wake wa zamani, huenda anajua njia.

"Papa, uningojee," akasema. Diplome akaiacha juu ya meza.

Henri amengoja maisha yake yote. Amengoja mizigo, amengoja wateja, amengoja chakula cha msaada chini ya jua. Ile asubuhi hakuweza. Akatoka na diplome mukononi, akatuuliza sisi wa parsele: plastiki inatokaje? Na ninyi munatujua watu wa Goma, hakuna kitu hatujui. Mumoja akasema maji ya moto. Mwingine akasema petroli. Mwingine akaapa kwamba shemeji yake aliwahi kuitoa kwenye kadi na wembe, safi kabisa. Fundi wa nguo wa pale ng'ambo akaja na pasi yake ya makala, akasema, plastiki iliingia na moto, itatoka na moto. Hiyo ikaonekana ndiyo akili.

"Papa Masika," nikasema, "ngojea mutoto arudi."

"Mama Olive, mimi ndiye niliyeifunga. Mimi ndiye nitaifungua."

Mutu amechekwa mbele ya musururu, ametukanwa mbele ya majirani, sasa anataka mukono wake urudishe kile ulichoharibu. Ungemuzuia na nini?

Wakatandika kitambaa juu ya kigoda. Fundi akapitisha pasi mara ya kwanza, mara ya pili, na plastiki ikaanza kunyanyuka pembeni. Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi, munasikia! Henri akatabasamu, akashika ile pembe na vidole vyake vya mbao, akavuta polepole, vile mutu anavyotoa bandeji kwenye kidonda cha mutoto. Ikaja. Ikaja yote. Na maneno yote yakaja nayo. Jina la Masika likashikamana na plastiki, alama zake zikashikamana na plastiki, nambari ikawa tope, muhuri ukapasuka katikati. Mukono wa pili ukabaki na karatasi nyeupe yenye manyoya.

Makofi yakaisha. Fundi akachukua pasi yake, akavuka barabara, hata pole hakusema. Wale wa maji ya moto na petroli wakakumbuka kazi zao, milango ikafungwa mumoja mumoja. Tukabaki wawili.

"Haijapotea," Henri akaniambia. "Angalia, Mama Olive. Maneno iko hapa. Karatasi iko hapa. Hakuna kitu kimepotea." Alikuwa anavilaza kimoja juu ya kingine, anavisukuma na kidole ili vikutane.

Ndipo tukamusikia Masika. Alikuwa anakimbia, anaita tangu kwenye kona, na sauti ya mutoto wa shule.

"Papa! Papa! Usiiguse! Iko njia!"

Akaingia anacheka, jasho usoni. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba hakuna mutu anayetoa plastiki. Diplome unaipeleka vile ilivyo kule inspeksio, ofisi ya mitihani ya Serikali, wanasoma nambari yake, wanaitafuta katika vitabu vyao, wanakuandikia karatasi ya kuithibitisha, na kila iniversite inapokea. Kila mwaka watu wanafanya vile, maana nusu ya muji ilipiga diplome zake plastiki.

"Papa, ni vile ilivyo, na plastiki yake! Iko wapi? Twende sasa hivi, mbele hawajafunga!"

Akaona kigoda.

Uso wake sitausimulia. Nimeona watu wakirudishiwa maiti zao katika muji huu, uso kama ule sijauona. Henri alimunyooshea vile vipande viwili, kimoja katika kila mukono, kama mutoto aliyevunja sahani. Masika hakuvipokea. Hakupiga kelele pia, na mimi niliomba apige kelele.

Ni mimi niliyevitia ndani ya bahasha, nikamushika mukono, tukakimbia inspeksio siku ileile. Nambari haikusomeka. Mwanamuke wa pale alituhurumia kweli, aliigeuza kwenye dirisha, akaiweka chini ya taa, mwishoni akatikisa kichwa. Akasema Masika aandike Kinshasa, aombe nyingine. Na Kinshasa, kutoka hapa, siku hizi, ni kama kumuandikia mutu aliye mwezini.

Jumamosi tukarudi iniversite. Landry alikuwa anapanga dosie, anakaribia kufunga. Masika akamuuliza, sauti chini, kama anaweza basi kuingia mwaka wa kwanza, aanze upya, haidhuru.

"Na diplome gani? Attestation yako ilikufa siku diplome ilipotoka."

Nikamuuliza mimi, polepole, juu nilitaka nisikie vizuri. "Mwanangu, ile njia ya inspeksio, Alhamisi ulikuwa unaijua?"

"Kila mutu anaijua."

"Kwa nini hukutuambia?"

Akasukuma droo, ikafunga. "Hamukuuliza."

Basi. Hamukuuliza. Kuku wa masikini hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe anachukua. Na mwewe wa siku hizi hata haruki, anakaa kwenye kiti na simu zake mbili, anangoja usimuulize. Nilimulaani pale pale, kwa Kinande na kwa Kiswahili, mupaka mulinzi akanitoa. Haikusaidia kitu, lakini ningerudia hata leo.

Sasa Masika anauza makala na mimi. Wateja wanamupenda, anawapimia vizuri, anawachekesha na mizaha. Henri ndiye ananiletea magunia, anabeba mengi kuliko zamani, ile filimbi ya kifua unaisikia mbele hajatokea kwenye kona. Vile vipande viwili anavyo bado, mahali palepale ndani ya shati, amevizungushia kitambaa cha kichwa cha Marie-Louise. Plastiki hataki tena hata kuigusa. Nimemwambia mara nyingi avitupe, ananiitikia, havitupi.

Musifikiri binti anamutukana, hapana. Afadhali angemutukana, yangeisha. Anamuwekea maji ya kuoga. Anamufulia shati. Anamupakulia chakula, naye anaenda kula chake nje. Nimemusemesha, nimemulilia, nimemuletea hata padri; padri alikunywa chai akaondoka.

Asubuhi hii tena chukudu ikafika. Henri akashuka, jasho linamutiririka, akasimama mbele ya binti yake anangoja, kama anavyongoja kila siku. Masika akainua macho, akamuangalia vile unavyomuangalia mutu wa njiani.

"Asante, Muzee," akasema. "Weka pale."

Akaweka. Akasimama tena kidogo. Halafu akapiga goti juu ya mbao yake, akaenda.